Marehemu wa Kitanda cha Nne

Sehemu ya Saba

"Mapigo?"

"Mia moja na kumi na nane."

"Oksijeni?"

"Tisini na moja. Ngoja. Tisini."

Gachanja akaandika tisini.

Karani wa rekodi hana kazi kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi. Lakini tangu saa nne asubuhi kompyuta ilikuwa imekataa kupokea chochote cha kitanda cha nne, na Sista Chepkemei alikuwa na wagonjwa watatu na mikono miwili. Kwa hiyo Gachanja alipiga mistari kwenye karatasi kwa rula, akaweka saa upande wa kushoto, na kila robo saa sista alisoma na yeye akaandika.

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha kidole kikiwa hewani na macho yameganda kwenye neno moja: AMEFARIKI. Naye aliyesemwa amefariki alikuwa hatua tatu kutoka pale, kifua chake kikipanda na kushuka kwa nguvu za mashine.

Kama gazeti lilikupita, haya yanatosha. Hospitali ya Mwamba ina matawi mawili, Kitale na Bungoma, na wiki hii kompyuta za pande zote mbili zinafanywa kuwa na rekodi moja. Gachanja ndiye anayeunganisha kadi za wagonjwa. Kadi ya Phelista Mukhwana aliiunganisha bila wasiwasi. Nambari ya kitambulisho ilikuwa ileile, tarehe ya kuzaliwa ileile, kijiji kilekile cha Kamukuywa. Akabonyeza. Kadi ya Bungoma ikaja na habari yake: mwenye kitambulisho hiki alikufa miaka mitano iliyopita, wakati wa korona.

Papo hapo mfumo ukafunga milango. Maabara haikupokea damu ya marehemu. Famasi haikutoa dawa ya marehemu.

Na marehemu alihitaji dawa.

"Mzee Gachanja." Daktari Kipkirui aliingia akivuta glavu. "Mapafu yanajaa. Dawa ya kabatini nimempa siku sita, haishiki. Nataka ile ya penisilini, iko famasi, na famasi wananiambia siwezi kumtibu maiti."

"Nimesikia, Daktari."

"Si kuna kitufe cha kutenganisha?"

"Kiko."

"Basi bonyeza. Bungoma wabaki na maiti wao, sisi tubaki na mgonjwa wetu."

Kitufe kilikuwa pale kwenye skrini, cha kijani. Kukibonyeza kungechukua muda wa kupiga chafya. Kadi ya Kitale ingerudi peke yake, safi, bila historia yoyote, na dawa ingepanda ngazi kabla chai haijapoa.

Gachanja hakukibonyeza.

"Daktari, nipe nusu saa. Mtu hawezi kufa Bungoma na kupumua Kitale. Kadi moja inadanganya, na sijui ni ipi."

"Nusu saa," alisema Kipkirui. "Na nitahesabu."

Gachanja alipita kwenye daftari la wageni akielekea kwenye simu ya mezani. Kitanda cha kwanza kilikuwa na majina kumi na moja. Cha pili, sita. Kitanda cha nne kilikuwa na mstari mtupu, siku sita mfululizo. Watu waliomwokota mama huyu katikati ya magunia ya mahindi huko Moi's Bridge walimfikisha mlangoni, wakasema anaitwa Mukhwana na anaishi peke yake, wakarudi sokoni.

Gachanja mwenyewe, tangu mkewe alipofariki, hakukumbuka ni lini mtu aliandika jina lake popote kwa ajili ya kumtembelea. Hakulifikiria sana jambo hilo. Alipiga Bungoma.

"Mulembe, Kitale!" Ilikuwa sauti ya Jentrix wa ofisi ya rekodi, mama mmoja anayecheka kabla ya kusikia kichekesho. "Mmeshatuharibia kompyuta ama bado?"

"Bado kidogo. Jentrix, nisomee kadi ya Phelista Mukhwana."

Vidole viligonga upande wa pili. Kicheko kikapungua.

"Huyu alienda, Mzee. Juni ya ule mwaka mbaya. Aliletwa hana pumzi, akakaa siku mbili."

"Nimemwona leo. Anapumua."

"Wewe!"

"Kitambulisho kilikuwa kwenye mkoba wake. Jina ni hilo, tarehe ni hiyo."

"Na mwenzake umemtafuta?"

"Mwenzake nani?"

"Mzee, kwani umeishi Kitale miaka mingapi?"

"Nilizaliwa hapa."

"Na hujui? Mukhwana hazaliwi peke yake, bana! Mukhwana ni pacha wa kwanza. Wa pili ni Mulongo. Ukimwona mmoja uliza mwingine. Hiyo hata mtoto wa nasari anajua."

Gachanja alihisi masikio yakimchoma. Maisha yake yote alikuwa amekaa jirani na kina Mukhwana na kina Mulongo. Aliandika majina yao kwenye kadi, alikwenda kwenye matanga yao. Hakuwahi kuuliza. Mkewe ndiye aliyekuwa akiuliza watu mambo.

"Tafuta Mulongo," alisema polepole. "Tarehe ileile, kijiji kilekile."

"Pauline Mulongo. Yuko. Kadi yake iko wazi, hajafa." Kisha sauti ikabadilika. "Mzee, shika kalamu. Mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, alipasuliwa kidole tumbo hapa Bungoma. Mwaka wa kumi na nane, alidungwa penisilini ya koo, uso ukavimba, akakata pumzi. Walimrudisha kwa bahati. Imeandikwa kwa herufi nyekundu: ASIPEWE TENA."

Chepkemei alikuwa amesimama nyuma ya Gachanja. Sauti ya Jentrix ilikuwa kubwa; alisikia kila neno.

"Mungu wangu. Kama huyu ni Mulongo, na ungebonyeza..."

"Sijabonyeza," alisema Gachanja. Lakini kalamu ilimtoka mkononi, ikabidi ainame kuitafuta chini ya meza.

Kadi zote mbili zilikuwa na nambari moja ya jamaa wa karibu. Gachanja aliipiga, akaweka simu kwenye spika ili sista asikie.

"Haro?" Kelele za soko zilikuwa nyuma yake.

"Naongea na jamaa wa Phelista Mukhwana?"

Kelele zikasogea mbali, kama mtu aliyeingia nyuma ya kibanda.

"Huyo tulizika. Na kama ni wale matapeli wa simu, jaribu kwingine. Leo sina nguvu."

"Mimi ni karani wa Hospitali ya Mwamba, Kitale. Naitwa Gachanja. Wewe ni nani, ndugu yangu?"

"Mukhisa. Mimi ndiye niliwafuata hao mapacha, ndiyo maana ya hilo jina langu. Nauza vitunguu Cheptais. Kwani kuna nini?"

"Mulongo yuko wapi?"

"Umempata?" Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Ako hai?"

"Kuna mama hapa, mgonjwa sana. Alikuwa na kitambulisho cha Mukhwana."

"Ni yeye. Ni Mulongo huyo. Miaka mitano, Mzee! Tulitafuta mpaka tukachoka."

"Aliondoka kwa nini?"

"Uchungu uliharibu kichwa yake. Baada ya mazishi ukimwita Mulongo, haitiki. Anasema ati yeye ndiye Mukhwana, ati tumezika mtu mwingine. Tukaomba. Pasta akaja mara tatu. Siku moja akachukua mkoba akaenda, hata kwaheri hakusema."

Gachanja aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa mviringo. Yote yalikuwa yamekaa sawa sasa. Mukhwana alikufa Bungoma. Mulongo, kwa majonzi, akachukua jina la dada yake na kitambulisho chake, akaenda kuishi peke yake Moi's Bridge. Na Mulongo hadungwi penisilini.

Daktari Kipkirui alikuwa amerudi na amesikia nusu ya mwisho. Aliketi kwenye ukingo wa meza kama mtu aliyevuta gari kutoka ukingoni mwa mto.

"Haya, Mzee. Nisamehe kwa ile haraka. Mhamishe kwenye kadi ya Mulongo, tutafute dawa nyingine."

Gachanja alifungua kadi ya Mulongo. Mfumo ukamwuliza kama ana uhakika. Akasogeza kidole.

"Ngoja," alisema Chepkemei.

Kidole kikasimama.

"Alipasuliwa nini?"

"Kidole tumbo. Mwaka wa kumi na sita."

Chepkemei alivuta pazia, akaenda upande wa kulia wa kitanda, akainua shuka na gauni la hospitali kidogo tu, kwa heshima, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

"Nimeosha mwili huu siku sita," alisema. "Kila asubuhi, mimi mwenyewe, kwa sababu hana dada wa kumwosha. Njoo uone, Daktari."

Kipkirui aliwasha tochi yake. Akaangalia. Akapitisha kidole gumba kwenye ngozi, akaangalia tena.

"Hakuna mshono."

"Hakuna," alisema Chepkemei. "Huyu hajawahi kupasuliwa."

Mashine ilipuliza, ikavuta.

Kwenye meza simu ilikuwa bado hewani. "Haro? Mko?" iliita. "Nini? Amekufa?"

"Hajafa," alisema Gachanja. Aliichukua simu na kuishika kwa mikono miwili. "Mukhisa, siku ile ya korona, nani alimpeleka dada yako hospitali?"

"Mimi. Nilikuwa nimetoka Cheptais siku hiyo kuwaona. Nikampata sakafuni."

"Na yule mwingine?"

"Alikuwa ameenda Moi's Bridge na mahindi."

"Kitambulisho ulikitoa wapi?"

"Kwa mkoba. Mkoba ulikuwa mlangoni, nikabeba." Alikohoa. "Mkoba wao ulikuwa mmoja, Mzee. Nguo moja, viatu vimoja, mkoba mmoja. Wa kwanza kuamka ndiye alivaa ile nzuri. Sisi tuliwacheka toka utotoni."

"Ulimwuliza yeye ni nani?"

"Angejibu na nini? Hakuwa na pumzi! Na mimi niko na barakoa, yeye ako na barakoa. Nikawapa kitambulisho, wakaandika Mukhwana, wakanirudishia."

"Na mwili? Mliuona?"

"Nani alikuwa anaona miili mwaka ule? Walikuja na zile nguo nyeupe, sanduku limefungwa na plastiki. Watu kumi na tano tu kwa kaburi. Tulizika kile tulipewa."

Baada ya hapo Mukhisa hakusema kitu kwa muda mrefu. Gachanja hakumsukuma. Alijua kwamba mtu akiachwa anyamaze vya kutosha hufika mwenyewe mahali anapokwenda.

"Mama yetu alikuwa haoni vizuri," Mukhisa alisema mwishowe. "Huyu aliporudi kutoka Moi's Bridge, Mama alimshika uso na mikono miwili. Akasema, huyu ni Mukhwana. Na sisi tukamwambia, Mama, wewe huoni." Sauti ikakatika. "Miaka mitano, Mzee. Alikuwa anatuambia jina lake."

Chepkemei aligeukia dirishani, akajifanya anarekebisha mpira wa dripu.

Kipkirui ndiye aliyezungumza kwanza. Yeye alikuwa na mgonjwa mwenye mapafu yanayojaa, na mapafu hayangoji matanga.

"Kwa hivyo ni Mukhwana. Mukhwana hana shida na penisilini. Bonyeza kitufe chako cha kijani, Mzee, niite famasi."

"Hapana, Daktari."

"Hapana nini? Umeona tumbo na macho yako!"

"Nimeona hakupasuliwa. Sijaona kwamba hakudungwa." Gachanja alisema kwa sauti ileile aliyotumia kuulizia oksijeni. "Upasuaji ni mwaka wa kumi na sita. Sindano ni mwaka wa kumi na nane. Hizo ni siku mbili tofauti, na mkoba ni mmoja. Aliyeingia Bungoma na koo linalouma aliandikwa Mulongo. Labda alikuwa Mulongo. Labda ni huyu, na siku hiyo mkoba ulikuwa na kadi ya mwenzake."

"Mukhisa," aliita Gachanja kwenye simu, "yule aliyevimba uso kwa sindano alikuwa nani?"

"Nilisikia tu, Mzee. Nilikuwa Cheptais. Walinipigia wakicheka, ati mmoja amekuwa na uso kama mkate. Sikuuliza ni nani. Walikuwa wanaongea kama mtu mmoja."

Gachanja alimpigia tena Jentrix. Mama huyo hakucheka safari hii.

"Kwa kompyuta tuliingiza mistari mitatu tu," alisema. "Lakini fomu yenyewe iko, ya karatasi. Sista aliyemhudumia lazima aliandika mwili mzima, makovu na yote. Kama huyo wa sindano alikuwa na mshono wa tumbo, itaonekana."

"Iko wapi?"

"Stoo. Na mwenye stoo ameshatoka na ufunguo, anakaa mbali, hashiki simu. Mzee, nimejaribu sasa hivi nikiongea na wewe. Stoo itafunguliwa saa mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni saa moja na nusu, hata nilale hapo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Daktari Kipkirui alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akimtazama karani kama anayetaka kumtukana na kumshukuru kwa pumzi moja.

"Nitampa ile ya kabatini, dozi ya juu kabisa," alisema. "Itamshika mpaka kesho, labda. Lakini sikia vizuri. Saa mbili asubuhi ikipita bila karatasi yako, na oksijeni iko chini ya tisini, nitamdunga penisilini nikijua naweza kumuua. Kwa sababu kutomdunga pia kutamuua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na utakuwa hapa kunitazama machoni."

"Nitakuwa hapa."

Kabla ya kukata simu Mukhisa alikuwa amesema atateremka kutoka Cheptais alfajiri, apitie Kamukuywa amchukue mama yao. Jua la jioni lilikuwa limeingia wodini na kulala kwenye sakafu. Wageni wa kitanda cha kwanza walianza kufika na chupa zao za uji. Walipita kitanda cha nne haraka haraka, wakitazama mbele.

Gachanja alikunja karatasi yake mara mbili. Juu, mahali pa jina, hapakuwa na kitu. Aliandika "Kitanda cha 4" na kuiacha hivyo. Kadi zote mbili bado zilikuwa wazi kwenye skrini. Alikuwa anachukua koti lake wakati Chepkemei aliposema kwa sauti ya chini:

"Mzee. Amefungua macho."

Kweli. Dawa ya usingizi ilikuwa imepunguzwa tangu adhuhuri. Macho yalikuwa makubwa, mekundu, yakitafuta kwenye dari.

"Mama, uko hospitali Kitale," alisema Chepkemei akiinama. "Una mpira kooni, usijaribu kuongea. Mzee, mpe mkono. Mama, ukikubali, bana mkono wa huyu baba. Ukikataa, uache. Umenisikia?"

Vidole vya baridi vikafunga kwenye vidole vya Gachanja.

Daktari Kipkirui alirudi kutoka mlangoni bila kuitwa.

"Muulize," alinong'ona.

Gachanja alipiga magoti ili uso wake uwe karibu na mto. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sasa hata hayo machache yalimtoka kwa shida.

"Wewe ni Mukhwana?"

Vidole vikabana.

Kipkirui alipumua kwa nguvu. Chepkemei alitabasamu, akafuta jicho kwa bega.

Lakini Gachanja alikuwa mtu wa kuhesabu mara mbili.

"Wewe ni Mulongo?"

Vidole vikabana tena. Kwa nguvu zaidi.

Tabasamu la Chepkemei likaisha. Gachanja akauliza swali la tatu, lile lenye uhai wa mtu ndani yake.

"Mama, ile sindano ya koo. Aliyevimba uso. Ulikuwa wewe?"

Vidole vilibana. Havikulegea. Alingoja mpaka mashine ikapuliza mara kumi, na bado vilikuwa vimebana, kucha zikiingia kwenye ngozi yake.

"Ni ndiyo?" aliuliza Kipkirui. "Mzee, hiyo ni ndiyo?"

Chepkemei alitazama mkono ule kwa muda. Kisha akatikisa kichwa.

"Hajibu, Daktari. Anashika tu."

Kengele ya kubadilisha zamu ililia. Gachanja alijaribu kuutoa mkono wake polepole, na macho yale mekundu yakamgeukia. Akaacha kujaribu. Kwa mguu wake wa kulia akavuta kiti kilichokuwa karibu na ukuta, kikakwaruza sakafu, kikafika, akaketi.